Kilemba Kinaingoja Delhi

Kherasar, 17 Mei 1998

Mwanangu Bhanwar,

Ram Ram. Sisi wazima. Ndama wa yule ng'ombe mwekundu amesimama mwenyewe, mbuzi wanakula mpaka kamba, na Mama Mkubwa wako anauliza kama huko Delhi unapata mtindi wa kweli au unakunywa yale maji meupe yanayouzwa kwenye mifuko. Nimemwambia mtu anayefanya kazi kwenye nyumba ya vitabu hafi njaa. Hakuridhika. Anasema niandike kwamba ule. Basi nimeandika: ule.

Barua hii ni ya mkono wangu mwenyewe. Herufi nilizofundishwa jeshini, nilipokuwa natunza ngamia wa kikosi, bado ninazo. Zinatembea kama ngamia aliyechomwa mwiba, lakini zinafika. Simu ipo dukani kwa Gordhan, ila ukiongea pale nusu ya kijiji inakujibia.

Sasa sikia. Jumatatu ile wanajeshi walikuja asubuhi wakatwambia tutoke ndani, tukae nje, tusiulize. Mimi nikauliza. Kijana mmoja akasema, "Mzee, kaa tu." Nikamwambia, "Mimi nimevaa hizo nguo mama yako hajaolewa." Akacheka, akanipa sigara. Alasiri ardhi ikainuka chini ya kitanda changu kama mgongo wa ngamia anaposimama, halafu ikashuka. Gordhan alilala kifudifudi akakumbatia mzizi wa mti wa khejri, na kikombe cha chai kilikuwa bado mkononi! Mimi nilibaki nimekaa. Waulize wote. Mama Mkubwa wako anasema nilimshika mkono. Anakosea. Yeye ndiye aliyenishika.

Jioni redio ikasema ni bomu letu, la India, lile linalotisha kuliko yote. Na ukuta wangu wa magharibi umepata ufa toka dirishani hadi chini, ngumi inaingia. Wengine wana nyufa za kukwaruza tu. Huu wangu ni wa kupiga picha, na kweli watu wa magazeti wameupiga.

Gordhan, kwa wivu, ananiuliza mbele za watu, "Haya Rugharam, sasa sisi ni nani? Dola kubwa ya dunia, au ni walewale wenye kelele zaidi?" Nikamwambia mwanangu anakaa na maprofesa Delhi, kazi yao ni hiyohiyo, kupima nchi. Atatuletea jibu. Basi niandikie, kwenye karatasi nzuri, nikambandikie pale kwenye mlango wake.

Maji ya lile tangi la ardhini yana tope kidogo tangu siku ile. Si kitu.

Baba yako mkubwa,
Rugharam


Delhi, 21 Mei 1998

Baba Mkubwa,

Nagusa miguu yako, na ya Mama Mkubwa. Mwambie ninakula. Mwambie pia ule unga wa uwele alionifungia umeisha, na wenzangu wa chumbani ndio walioumaliza, kwa hiyo awalaani wao.

Nilisoma barua yako kwa sauti hapa nyumbani. Wamecheka sana kuhusu Gordhan na mzizi, na wanataka kujua nani alimshika nani mkono.

Huku watu walicheza barabarani, wakagawiana peremende na wasiowajua. Pia dunia imetukasirikia. Nchi tajiri zimefunga misaada. Profesa wangu amepewa kazi ya kuandika kitabu kidogo, swali lake ni hilohilo la Gordhan: je, India sasa ni dola kubwa? Sura moja amenipa mimi niiandae. Usimwambie mtu bado. Jina langu litaandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, pamoja na la mpiga chapa.

Si swali jepesi. Bomu ni kitu kimoja. Ile meza ambako mataifa matano yana viti vya kudumu, sisi hatuna kiti. Profesa anasema kuogopwa ni tofauti na kusikilizwa. Anataka tupime kama nchi ikisema neno wengine wanasogea, na kama ikipata pigo inaweza kulibeba yenyewe.

Ulisema maji ya tangi yana tope. Mvua ya mwisho ilinyesha mwaka jana, tope limetoka wapi? Nijibu hilo, Baba Mkubwa. Ukuta nimekwisha kuusikia.

Mwanao,
Bhanwar


Kherasar, 6 Juni 1998

Bhanwar,

Ram Ram. Ng'ombe yuko salama. Jua linauma. Uzima tunao.

Mwambie profesa wako hajawahi kufuga ngamia dume. Ngamia dume akiingia zizini wengine wanasogea, na hakuna aliyesikiliza amesema nini. Na hilo la dunia kukasirika, hapo umenipa dawa bila kujua. Nimesimama nayo dukani: "Mtu mdogo akikohoa, nani anakasirika? Mimi nikimtukana mfalme, mfalme atapata habari? Wamekasirika kwa sababu tumekuwa wakubwa!" Watu wakapiga makofi. Hata mzee Tejaram ambaye hasikii alipiga.

Nilikaa na ushindi huo siku chache tu. Majirani zetu, hao Wapakistani, nao wamelipua ya kwao. Redio ilipotangaza, Gordhan alizima jiko ili nisikie vizuri. "Rugharam," akasema, "na wao je? Dola kubwa? Basi mtaa huu una majogoo wawili kwenye jaa moja, na wote wanawika kwamba jua limetoka kwa ajili yao." Wakacheka. Walicheka mpaka yule Tejaram, ambaye hasikii!

Damu ilinipanda. Nikavua kilemba changu pale pale, nikakiweka begani, nikaapa mbele ya wote: hakirudi kichwani mpaka wasomi wa Delhi waandike kwa wino kwamba India ni dola kubwa. Nikasema mwandishi ni mwanangu Bhanwar, sura nzima ni yake. Najua ulisema nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu, niliwaambia wote.

Sasa natembea kichwa wazi na jua hili, na umesahau kwenu kichwa wazi kina maana gani. Kila apitaye anadhani nimefiwa. Mfanyabiashara wa ngamia kutoka Phalodi alishuka, akavua viatu, akaketi mchangani kimya kunipa pole. Nilipomweleza ni habari ya siasa ya dunia, alinitazama kwa huruma zaidi.

Kwa hiyo fanya haraka. Andika ndiyo, wapige muhuri, tuma.

Nina kidonda cha kuungua kidoleni, mikate ya uwele ina hila zake. Usijali.

Baba yako mkubwa,
Rugharam


Delhi, 15 Juni 1998

Baba Mkubwa,

Leo sina salamu ndefu. Nimenyoa kichwa.

Jana kwenye kituo cha mabasi nilikutana na Sohanlal, mtoto wa fundi viatu wa kijiji cha pili kutoka kwetu. Aliniona, akanikumbatia, akaanza kulia. "Pole, kaka, pole kwa Mama." Nikauliza mama yupi. Akasema wazee wa kwao wamemwona Rugharam anatembea kichwa wazi, nyumbani kwake hakuna moshi asubuhi, hakuna mwanamke anayetoka kuchota, na mzee ukimuuliza anatoa habari za mataifa ya nje. Wote wakaelewa kwamba Mama Mkubwa amefariki na wewe akili imekuruka kwa uchungu.

Nikasoma tena barua yako. Haina salamu yake. Haina neno lake hata moja. Na wewe ndiye unayepika mikate.

Nilikwenda kwa kinyozi nikakaa kitini kumnyolea Mama Mkubwa, kama mwana anavyomnyolea mama aliyemzaa akifa, maana ndivyo nilivyo, baada ya mama yangu kufa ni yeye aliyenilea. Nywele zilipokuwa chini nikapata akili, nikakimbilia simu, nikapiga dukani kwa Gordhan. Akasema, "Yu hai! Nani kasema amekufa? Yuko kwa kaka yake, tangu mwezi huu uingie. Kwa nini, muulize baba yako mkubwa. Mimi nina uadui naye, siwezi kumsengenya, watu watasema ni uadui." Halafu akakata.

Mtu yu hai, nami nimemnyolea. Huku ofisini wananipa pole, nami nasema asante.

Jambo moja tu nataka kujua. Mama Mkubwa ameondoka kwa nini?

Bhanwar


Kherasar, 22 Juni 1998

Mwanangu,

Ram Ram. Ng'ombe anapunguza maziwa. Upepo wa mchanga hauna adabu mwaka huu. Kichwa kitaota nywele, wewe bado kijana.

Gordhan ana mdomo kama mlango wa zizi. Lakini umeuliza, na umenyoa, basi nitakwambia, halafu tusiizungumze tena.

Tangi limekauka. Siku ile ardhi ilipoinuka, ufa haukuwa wa ukutani peke yake. Kuna mwingine chini tangini, kwenye sakafu. Maji yote tuliyoyakusanya kwenye mvua ya mwaka jana yaliingia mchangani polepole. Asubuhi unatia ndoo, unasikia kamba inakwenda chini zaidi ya jana. Nilijua mapema. Nilipokuandikia habari ya tope nilikuwa nimekwisha jua.

Wakaja makarani wawili kwa gari, na kofia zao, kuuliza nani ameharibikiwa na nini, waandike, wasaidie. Wamekaa kwenye kitanda changu. Watu wote wa dukani wamekuja kutega masikio. Gordhan yupo, anangoja niseme. Ningesema nini, Bhanwar? Niseme bomu la nchi yangu limekunywa maji yangu? Nikasema, "Andikeni: kwa Rugharam hakuna kilichoharibika. Ukuta ule si hasara, ni nishani." Karani mmoja alifurahi sana, akanipa mkono. Wakaandika hakuna hasara, wakaenda kwa jirani.

Mama Mkubwa wako alikuwa nyuma ya mlango, amejifunika uso, ndoo tupu iko mkononi. Walipoondoka alitoka, akaiweka ile ndoo mbele yangu, taratibu, kama anayemwandalia mgeni chakula. Akasema, "Basi kunywa ufa wako." Akafungua mbuzi wake wawili, akashika njia ya kwa kaka yake.

Tangu hapo nanunua maji ya mkokoteni wa ngamia na kumwambia mwenye mkokoteni apite nyuma ya nyumba.

Kilemba sikukivua kwa ajili yake. Nilikivua kwa ajili ya India. Lakini watu wakinipa pole siku hizi siwaelezi tena.

Mawingu hayajaonekana. Yakija kabla tangi halijazibwa, mvua yote itashuka ipite kama inavyopita kwenye chujio, na huku haiji mara ya pili. Ninajua. Huna haja ya kuniandikia hayo.

Sura yako imefika wapi?

Rugharam


Delhi, 29 Juni 1998

Baba Mkubwa,

Nagusa miguu yako. Nimefurahi umeniambia. Nimekasirika pia, lakini hilo nitakuja nalo mwenyewe nikipata likizo. Ofisini nimewaambia niliyemnyolea amefufuka. Wamenitazama kama yule mfanyabiashara wa ngamia alivyokutazama.

Na mimi kuna kitu nimekuwa nikikizunguka. Sura yangu niliimaliza kabla hujavua kilemba. Niliandika "bado". Niliandika kwamba nchi yetu ina mkono mrefu na miguu ambayo haijakomaa, kwamba inaweza kuitikisa dunia lakini bado haijaweza kuifanya dunia ifuate inavyotaka. Barua yako ya kiapo ilipofika karatasi ilikuwa imekwisha kufika mezani kwa profesa, na sikuwa na ujasiri wa kukwambia.

Juzi ameirudisha. Anasema mji mzima una shangwe, wanaotulipa wana shangwe, na kijana mmoja anaandika bado. "Andika upya, kwa moyo mkubwa kidogo." Hakusema andika ndiyo. Alisema moyo mkubwa.

Ile karatasi iko kwenye mashine sasa hivi, mbele yangu. Ni neno moja. Nikiliandika, profesa atatabasamu, na wewe utavaa kilemba na kumpita Gordhan kifua mbele. Najua kichwa wazi kwako ni nini. Nikikukumbuka kwenye jua lile vidole vinakwenda vyenyewe kwenye herufi.

Niambie niandike nini. Sijawahi kukuuliza jambo la kazi yangu, sasa nakuuliza.

Na tangi, Baba Mkubwa. Mawingu yamefika Gujarat, redio imesema.

Bhanwar


Kherasar, 9 Julai 1998

Mwanangu Bhanwar,

Ram Ram. Wote wazima, na leo nikisema wote nina maana ya wote. Mama Mkubwa wako anasema kichwa chako kikianza kuota kipake mafuta ya haradali. Alipoambiwa umemnyolea akiwa hai alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia, halafu akanitukana mimi. Ametaka picha.

Barua yako ilifika asubuhi, na kusini kulikuwa na weusi chini kabisa, kama mstari wa wanja. Niliisoma, nikaenda dukani. Gordhan akasema, "Delhi wamesemaje?" Nikamwambia, "Nishikie kamba." Akasema, "Kamba gani?" Nikavua kilemba begani, nikakikunjua chote. Unakijua, ni kirefu, kinafika tangini chini na kubaki. Wazee wetu walivutia maji visimani kwa vilemba, si mimi niliyeanza. Kamba yangu ya ndoo ilikwisha kuliwa na mbuzi, na ya kuazima ingebidi nieleze.

Gordhan alitazama kilemba, akanitazama mimi, akafunga duka. Simsifu. Nasema alifunga duka mchana, kitu ambacho hakufanya hata siku alipozaliwa mjukuu wake.

Tulichanganya chokaa na unga wa matofali na sukari guru, kama walivyojengea wa zamani. Nikajifunga kilemba kiunoni, nikashuka. Mimi na umri huu! Yeye juu ameshika ncha, amekaza miguu kwenye ukingo, anahema. "Rugharam," anaita, "ukianguka nitawaambia makarani dola kubwa imeanguka!" Nikamwambia, "Ukiniachia nitawaambia ulikumbatia mzizi!" Akasema, "Hilo umekwisha kuwaambia." Kweli nilikuwa nimekwisha kuwaambia.

Chini mle ni baridi, na giza, na ule ufa si mkubwa. Hilo ndilo lililoniudhi. Yule wa ukutani ngumi inaingia. Huu unaingiza kidole tu, na ndio uliokunywa kila kitu. Niliusafisha, nikaujaza, nikaupaka kwa kiganja mpaka chokaa ikaanza kunila ngozi. Nilipotoka nilikuwa mweupe kama mzimu, na kilemba kimekuwa matope matupu.

Mawingu yalisimama kwanza, yakatukazia macho. Chokaa ikapata muda wa kukauka. Mvua ikaja Jumapili, ya upande, na Mama Mkubwa wako akaja nayo, amelowa, mbuzi mbele. Alikwenda tangini, akainama, akasikiliza maji yanavyoingia. Akaingia ndani akawasha jiko.

Kilemba amekifua mara tatu. Amekianika, amekikunja, amekiweka kwenye kitanda changu. Ana maana yake. Sijakigusa. Niliapa mbele za watu.

Sasa hilo uliloniuliza. Usiandike ndiyo kwa ajili ya kichwa changu. Kichwa changu kilikuwa kwenye jua kabla profesa wako hajazaliwa. Wala usiandike hapana ili kunikomoa. Toa hiyo karatasi kwenye mashine.

Mvua ilipokatika nilishuka tena tangini, nikapiga mstari wa mkaa ukutani, pale maji yalipoishia. Kila asubuhi nachungulia na tochi ya Gordhan. Juzi yalikuwa kwenye mstari. Jana asubuhi niliona kama yako chini yake kidogo, au ni macho. Gordhan amechungulia, anasema yako palepale. Mama Mkubwa wako amechungulia, akatwaa tochi akachungulia tena.

Mwambie profesa asubiri. Mwambie kuna kipimo kinaendelea huku. Yakibaki kwenye mstari mpaka mwezi utakapojaa tena, nitavaa kilemba changu, kiapo au si kiapo, na Gordhan aseme atakalo. Yakishuka, nitakwenda mwenyewe kwa wale makarani, kichwa wazi, niwaambie waandike upya.

Lolote kati ya hayo mawili nitakuandikia kwa ukweli. Na wewe baada ya hapo andika unavyoona.

Wino umeisha, na kumepambazuka. Nakwenda kuchungulia.

Baba yako mkubwa,
Rugharam